Sura ya Sita: Hewa Ipite Puani

Mwezi Juni 1980, mjini Sydney, mwanamume mmoja alikabiliwa na uamuzi mgumu. Pumzi yake ilikuwa ikikatika usingizini usiku kucha, na tiba ya uhakika iliyokuwapo enzi hizo ilikuwa kutobolewa koo: wapasuaji wafungue tundu chini ya koromeo, wapachike mrija, na kila akienda kulala aufungue apumulie hapo. Hakutaka. Daktari wake katika Hospitali ya Royal Prince Alfred, Colin Sullivan, akampa njia nyingine: kupuliziwa hewa puani mfululizo, kwa msukumo mdogo usiokoma, mpaka koo lishindwe kujifunga. Mota iliyopuliza hewa hiyo ilikuwa ya kifyonza vumbi, imegeuzwa isukume badala ya kunyonya. Ilikuwa na kelele nyingi. Lakini pumzi haikukatika, na mtu akalala.

Mwaka uliofuata Sullivan na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Kila ninapoirudia makala ile jicho langu hutua kwenye kichwa chake. Hakisemi tu kwamba msukumo wa hewa umeushinda ugonjwa. Kinataja na njia yenyewe, kwamba hewa ilipitishwa kwenye mianzi ya pua. Barakoa zao za mwanzo zilifinyangwa kwa kufuata pua ya kila mgonjwa: kwanza plasta juu ya pua ipate umbo lake, kisha ganda jepesi la nyuzi za kioo, kisha kila jioni gundi ya silikoni kulibandikia usoni, na kila asubuhi kulibandua. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini watu waliifanya, kwa sababu asubuhi waliamka wazima.

Pua, basi, ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Sura hii inaeleza yaliyotokea pale ilipoanza kusahauliwa.

Msomaji aliyefika hapa anaijua tayari apnia ya usingizi, kwa hiyo nitapita haraka. Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wa kuishikilia; kinachoiweka wazi ni misuli. Misuli ikilegea kwa usingizi, ulimi hurudi nyuma, njia hujifunga, na mtu hukaa sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi ya dakika, kifua kikihangaika bila hewa kuingia. Ubongo hushtuka, koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, na baada ya kitambo kidogo mambo hurudi yale yale. Wanaopima huhesabu matukio hayo kwa saa. Kuanzia matano hadi kumi na manne ni ugonjwa mwepesi, kumi na tano hadi thelathini ni wa kati, zaidi ya hapo ni mkali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwaweka watu wazima wenye tatizo hili duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, karibu milioni 936.

Kwetu wengi wao hawajui. Anayekoroma sana husifiwa kwamba amelala fofofo. Anayezinduka usiku akipapatika, mkono kooni, husema amekabwa na jinamizi. Anayejua ukweli ni mama watoto, ambaye amelala macho akingoja pumzi iliyokatika irudi, na ambaye ushahidi wake hauulizwi na mtu mpaka mzee apate kiharusi au asinzie kwenye usukani.

Mashine iliyozaliwa Sydney inaitwa CPAP, na wauguzi huitamka sipapu. Afrika Mashariki wengi waliolisikia jina hilo wamelisikia kwenye wodi ya watoto njiti, ambako hewa ya msukumo husaidia mapafu machanga yasisinyae. Wazo ni lile lile. Kwa mtu mzima mwenye apnia hewa hiyo hufanya kazi ya banzi: kama vile mganga wa mifupa anavyoushikilia mguu uliovunjika kwa vijiti, hewa huzishikilia kuta za koo zisikutane. Msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hutoa kuanzia 4 hadi 20. Mashine hukaa kando ya kitanda, hutoa mrija, na mrija huishia kwenye barakoa. Hapo kwenye barakoa ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Zipo za aina tatu kuu. Ya kwanza hufunika pua peke yake. Ya pili ndogo zaidi, mito miwili laini ya silikoni inayokaa kwenye milango ya mianzi ya pua bila kufunika chochote. Ya tatu hufunika pua na mdomo pamoja, kuanzia juu ya pua hadi chini ya mdomo. Ukiziona zimepangwa mezani utadhani tofauti ni ya starehe tu, kama mtu anavyochagua viatu vya ngozi au vya turubai. Nilidhani hivyo pia.

Mimi nilianza na ile kubwa. Mahali nilipopewa mashine niliulizwa swali moja: unapumulia mdomo ukilala? Nikajibu ndiyo, maana niliamka kila siku ulimi umekauka kama kipande cha gome. Nikakabidhiwa barakoa ya pua na mdomo, nikafundishwa kuivaa, nikarudi nyumbani. Kwa miezi mitatu nililala nayo kwa uaminifu. Asubuhi taya lilikuwa zito, mikanda imeniachia michirizi mashavuni, na kioo cha mashine kikaonyesha pumzi bado inakatika zaidi ya mara kumi kwa saa. Niliporudi nikaambiwa nikaze mikanda. Nikaikaza. Hesabu ikapanda.

Sikujua wakati huo kwamba niliyokuwa nikiyapata yalikuwa yamekwisha kuchunguzwa na kuandikwa.

Fikiria tanga la jahazi. Hujaa kwa sababu upepo unalisukuma kutoka upande mmoja. Ukisukuma kwa nguvu sawa pande zote mbili, tanga litalegea na chombo hakitakwenda. Hewa inapoingia kwa pua peke yake, msukumo huwa nyuma ya kaakaa laini na nyuma ya ulimi, wakati ndani ya kinywa hakuna msukumo wowote zaidi ya ule wa hewa ya chumbani. Tofauti hiyo hulisukuma kaakaa mbele likaegemea ulimi, na ulimi ukasogea mbele pia. Njia ya nyuma hupanuka, na kinywa hujifunga chenyewe kwa ndani, bila kamba wala gundi.

Sasa funika na mdomo. Mdomo ukifunguka kidogo, hewa ya msukumo huingia kinywani pia. Mbele ya ulimi na nyuma ya ulimi msukumo unakuwa mmoja. Ile tofauti iliyokuwa ikiusogeza ulimi mbele imetoweka, na kwa aliyelala chali uzito wake unaurudisha nyuma kama kawaida. Juu ya hapo kuna mikanda. Barakoa ya pua hujishikiza kwenye mifupa ya uso wa juu, ambayo haiendi popote. Ile kubwa hukalia kidevu, na kidevu ni taya la chini, lenye bawaba. Ukikaza mikanda unalivuta taya nyuma, na taya likirudi nyuma linarudi na ulimi. Kifaa kilichokusudiwa kufungua njia kinasaidia kuifunga.

Watafiti wa São Paulo, Brazil, walitaka kuliona jambo hili kwa macho. Waliwalaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi, wakapitisha kamera nyembamba mpaka kooni, kisha wakabadilisha njia ya hewa papo hapo: kutoka puani, kwenda pua na mdomo pamoja, kwenda mdomoni tu. Nafasi iliyo nyuma ya ulimi ilipungua hewa ilipoacha kupita puani peke yake. Kwa baadhi ya wagonjwa njia ilifunga, ingawa msukumo wa mashine haukuwa umeguswa.

Mashine za kisasa zinazojirekebisha zenyewe huongeza balaa hapa, na nia yake ni njema. Zinapohisi koo linafunga, huongeza msukumo. Msukumo ukiongezeka, hewa huvuja pembeni mwa barakoa kubwa, ambayo ina ukingo mrefu wa kuziba kuanzia juu ya pua hadi kidevuni. Mgonjwa akisikia uvujaji hukaza mikanda, taya hurudi nyuma, koo hufunga zaidi, mashine huongeza tena. Kufika alfajiri tumbo limejaa hewa, macho yamekauka kwa upepo unaopenya kuelekea kwenye kope, na mtu ameivua barakoa akiwa usingizini bila kujua. Ndivyo usiku wangu ulivyokuwa.

Mwaka 2018 watafiti hao hao wa Brazil walikusanya tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili na kuzijumlisha. Waliovaa barakoa ya pua na mdomo walihitaji msukumo mkubwa zaidi, kwa wastani sentimita 1.5 hivi za maji. Pumzi zilizoendelea kukatika licha ya tiba zilikuwa karibu 2.8 zaidi kwa saa. Na waliivaa mashine kwa muda mfupi zaidi, tofauti ya dakika 48 hivi kwa usiku. Mwaka 2019 chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo wake, na humo kikapendekeza mgonjwa apewe barakoa ya pua au mito ya puani kabla ya ile inayofunika pua na mdomo. Mwaka uliofuata jopo lililoitishwa na jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani likaandika ripoti nzima juu ya uchaguzi wa barakoa peke yake.

Dakika 48 zinaweza kuonekana ndogo. Zipime kwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 kwa jina la SAVE. Uliwafuatilia watu 2,717 wenye apnia na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, kwa wastani wa miaka 3.7, kuona kama mashine ingewapunguzia mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Haikupunguza. Magazeti yaliandika kwamba mashine haina faida kwa moyo. Lakini waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Zaidi ya nusu ya usingizi wao walilala bila tiba, tena huenda ile nusu ya alfajiri, ambapo ndoto ni nyingi na misuli ya koo imelegea kuliko wakati wote. Sisemi kwamba barakoa ndiyo iliyouangusha utafiti ule. Nasema kwamba pale ambapo jumla yote ni saa tatu na dakika chache, mtu hatupi dakika 48.

Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee hutaka ushahidi kwamba mgonjwa ameivaa mashine angalau saa nne kwa usiku, kwa asilimia 70 ya usiku wa siku thelathini mfululizo, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Asiyefika hapo huandikwa kuwa hazingatii tiba. Neno hilo linaniudhi. Mgonjwa wa kisukari akipewa sindano iliyopinda hatumwiti mkaidi, tunabadilisha sindano.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Barakoa kubwa haikubuniwa kwa uzembe. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba inaweza kutibu watu ambao njia ya pua imewashinda, na watu hao wapo kweli: ambaye ukuta wa kati wa pua umepinda vibaya, ambaye pua imeziba kwa vinyama, ambaye amejaribu ya pua kwa wiki kadhaa na mdomo bado unavuja hewa usiku kucha. Kuna wanaolala nayo vizuri kwa miaka, namba zao zimetulia, wala hawana sababu ya kuigusa. Tena tafiti nyingi zilizojumlishwa si za kugawa kwa bahati nasibu nani apewe ipi. Huenda waliopewa ile kubwa walikuwa na koo gumu zaidi tangu mwanzo, na sehemu ya tofauti ikatoka hapo. Lakini jaribio la kamera ya kooni halina udhuru huo, maana mgonjwa ni yule yule, usingizi ni ule ule, na kilichobadilika ni njia ya hewa tu.

Turudi kwenye swali nililoulizwa. Unapumulia mdomo? Karibu kila mwenye apnia kali atajibu ndiyo, maana mtu anayekabwa hufungua mdomo kutafuta hewa. Huko ni kuchukua matokeo ya ugonjwa na kuyafanya sababu ya kuchagua tiba. Koo likishafunguliwa kwa hewa ya puani, wengi hufunga mdomo wenyewe baada ya usiku kadhaa, kwa sababu hawana tena cha kuutafutia. Swali lenye maana zaidi ni hili: ukiwa macho, mdomo umefungwa, unaweza kupumua kwa pua kwa dakika chache bila taabu? Anayeweza, aanze na pua. Asiyeweza, pua yake itibiwe kwanza. Mzio, mafua yasiyoisha na vinyama vina tiba. Na wengi wanaolalamika kwamba hewa ya mashine inaziba pua wanahitaji tu kile chombo cha maji kinachoipa hewa joto na unyevunyevu, ambacho mara nyingi kimeachwa kwenye boksi.

Aliyenibadilishia barakoa alikuwa muuguzi wa makamo, katika kituo kingine. Aliniambia, "Kaka, lala kitandani kwanza, ndipo tupime." Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla. Uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyeketi. Mashavu huteleza, taya husogea. Aliwasha mashine, akanipimisha ya pua ndogo, kisha ya kati, akanigeuza ubavu, akasikiliza uvujaji kwa kiganja chake. Mikanda aliiacha ilegee kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Usiku ule niliamka mara mbili kwa sababu mdomo ulifunguka na hewa ikatoka kwa kishindo. Usiku wa tano haukufunguka. Mwisho wa mwezi kioo kilionyesha pumzi inakatika chini ya mara tatu kwa saa, na msukumo ulikuwa umeshuka.

Mambo machache ya usalama nisingependa kuyaruka. Kila barakoa ina matundu madogo ya kutolea hewa chafu. Yasizibwe kwa kitambaa wala plasta, hata kama yanapuliza upepo. Umeme ukikatika, mwenye barakoa ya pua hufungua mdomo akapumua. Ile ya pua na mdomo hutegemea vali yake maalumu kuingiza hewa ya chumbani, kwa hiyo vali hiyo ikaguliwe na isafishwe, hasa pale ambapo umeme hukatika bila taarifa. Asiyeweza kuivua mwenyewe, labda kwa kupooza mikono, asivalishwe ile kubwa na kuachwa peke yake, maana akitapika matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Barakoa zenye vifungo vya sumaku si za mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, wala si za anayelala ubavuni mwa mtu mwenye kifaa hicho. Wenye ndevu nyingi hupata nafuu zaidi kwa mito ya puani, kwa kuwa haitegemei ngozi ya shavu kuziba hewa.

La mwisho ni la wale wanaopima. Ikiwa msukumo umepimwa maabara kwa barakoa ya pua, kisha mgonjwa akarudi nyumbani na ile kubwa kwa sababu ndiyo iliyokuwapo stoo, kipimo kile hakimhusu tena. Amepewa dawa nyingine kwa dozi ya ile ya kwanza. Aina ya barakoa inapaswa kuandikwa kwenye cheti pamoja na msukumo, na ikibadilishwa, mgonjwa apimwe upya au namba za mashine yake zifuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo.

Na wewe uliyeirudisha mashine kabatini, uliyemwambia mkeo au mumeo kwamba umejaribu na imekushinda: angalia barakoa iliyolala juu yake. Kama inafunika pua na mdomo, na hukuwahi kupimwa nyingine ukiwa umelala, bado hujaijaribu tiba ya mwaka 1980. Irudishe kituoni, uombe ya pua, na uipe wiki mbili.